Kompyuta ya dada wa chai haijawahi kusumbua

Mwangaluka wote. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo vipi. Mnivumilie sauti imekauka kidogo, jana nimeshinda Sengerema kwenye dari la ofisi fulani navuta kebo mpaka giza likaingia, na zamani ningewadanganya kwamba nilichelewa kivuko ndo maana slaidi sijaandaa, ila tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe 2025 hicho kisingizio nacho kimekufa. Kwa hiyo sina slaidi. Nina mdomo na hili kaunta buku hapa mkononi, kazi yake mtaiona.

Nimeambiwa niongelee kompyuta za ofisini zinazopoteza vitu vya watu halafu zinavirudisha. Naona mnacheka, mnaijua hiyo. Simu ya saa moja na nusu asubuhi, hata chai hujaweka mdomoni, "fundi, faili zangu zote zimefutika!", unadandia boda mpaka Capri Point roho mkononi, unafika unakuta mtu anafanya kazi kwa raha zake, desktopu imejaa kama kawaida, anakuangalia anakwambia aah, imerudi yenyewe. Hela ya boda hakurudishii mtu.

Kwa wale ambao sio mafundi, maana naona na mama zangu wa masijala mmekuja, kitu chenyewe ni hiki. Ofisi ina kompyuta nyingi na seva moja, yaani kompyuta kubwa inayotunza vitu vya wote, na wakubwa wanataka mfanyakazi akikaa kwenye kompyuta yoyote aikute desktopu yake, printa yake, mipangilio yake, kila kitu kama alivyokiacha. Basi Windows inafanya hivi, ukiingia inakopi folda yako kutoka seva inakuja kuiweka kwenye kompyuta uliyokaa, ukitoka inarudisha seva yale yaliyobadilika. Folda hiyo ndo profaili yako, na mtindo huo tunauita romingi profaili. Mi huwa naielezea kwa machinga wa Makoroboi. Asubuhi anaenda stoo anachukua mzigo, anaupanga mezani, anauza, jioni anafunga mzigo anaurudisha stoo. Kesho akihamia meza nyingine hamna shida, stoo ni ileile. Sasa siku akifika akakuta stoo imefungwa na mwenye funguo hajaja? Hapo kuna mawili. Kama jana aliacha mzigo mwingine chini ya meza, atauza huohuo wa jana, ila jioni stoo haupokelewi. Na kama chini ya meza hamna kitu, anaazimwa meza tupu akae nayo mpaka jioni, na jioni ile meza inafagiliwa kila kilichokuwa juu yake.

Hiyo meza ya kuazima ndo profaili ya muda. Mama zangu, hiki mkishike hata kama mengine yote mtayasahau, ukifungua kompyuta ukakuta desktopu nyeupe kama umenunua leo, na kuna kikaratasi pembeni kinasema umeingia kwa profaili ya muda, usiandike kitu. Usiandike barua, usihifadhi hata picha moja, kwa sababu ukitoka Windows inafuta vyote na hapo hata mimi siwezi kukusaidia, nitakupa pole tu. Toka, subiri dakika moja mbili, ingia tena. Mara nyingi inarudi. Kwa nini inarudi, hapo ndo pana utamu wenyewe.

Nilipewa ofisi moja hapa mjini, siitaji, kompyuta kama 40 hivi kwenye ghorofa mbili. Tatizo lilikuwa leo kwa huyu, kesho kwa yule, keshokutwa hakuna hata mmoja, wiki nzima kimya, Jumatatu watu watano kwa mpigo. Fundi aliyenitangulia alikuwa anafanya kile ambacho na mimi nilianza nacho, tusidanganyane, anafuta profaili ya mtu anatengeneza mpya. Na inakubali! Siku tatu. Halafu inarudi, na safari hii mtu kashapoteza mipangilio yake bure. Nilifanya hivyo kwa watu kama sita kabla sijajistukia. Unajua tatizo la ugonjwa unaokuja na kuondoka ni kwamba dawa yoyote utakayoitoa itaonekana imeponya, kwa sababu ugonjwa ulikuwa unaondoka hata hivyo. Ukipuliza kompyuta kwa mdomo itapona. Ukiisemesha kwa upole itapona. Kuna ofisi wanaamini ukigonga boksi mara mbili upande wa kulia inapona, na ukiwaangalia kweli inapona.

Nikanunua kaunta buku. Hili hili. Nikalipeleka mapokezi nikamwambia dada wa pale, mtu yeyote akipata hilo tatizo aje aandike hapa kabla hajanipigia mimi: tarehe, saa, kompyuta ipi, amekaa muda gani tangu aiwashe mpaka aingize paswedi, na kama jana usiku umeme ulikatika. Bosi wao akaniona nimeishiwa, fundi gani anatibu kompyuta kwa daftari. Na mi sikugusa kitu kwa wiki mbili, na hapo ndo pagumu jamani, kukaa bila kugusa, mikono inawasha.

Wiki mbili zikaisha nikakaa na daftari kwa mama lishe chini pale nalisoma kama gazeti. Kitu cha kwanza, karibu mistari yote ni kati ya saa moja na nusu na saa mbili asubuhi. Cha pili, kijana mmoja wa manunuzi yuko humo mara saba. Kijana mwenyewe ndo mchapakazi wao, wa kwanza kufika, anabonyeza kitufe bado amesimama, paswedi anaiandika hata mkoba hajaweka chini. Cha tatu, kuna dada anakaa meza inayofuata, kompyuta ya aina ileile, zilinunuliwa siku moja, zinaingia kwenye swichi moja ya netiweki, lile boksi linalounganisha kebo za kompyuta, jina lake halipo hata mara moja. Nikamfuata, dada samahani, wewe kompyuta yako haikusumbui? Akasema haijawahi. Nikamuuliza ukifika asubuhi unafanyaje. Akaogopa kidogo, kumbe alishaandikiwa barua ya onyo ya uzembe. Akasema mi nikifika nawasha, naiacha hivyohivyo nashuka kunywa chai na vitumbua, nikirudi ndo naingia.

Nilitamani nimbebe juu juu.

Sikilizeni sasa kinachotokea. Swichi za netiweki zile za maana zina kitu kinaitwa spaning trii, kazi yake ni kuzuia mtu asichomeke kebo ikazunguka ikarudi palepale na netiweki nzima ikazidiwa ikaanguka. Ni kitu kizuri, sikisemi vibaya. Ila kwa mipangilio yake ya asili, poti, lile tundu la kuchomeka kebo, ikipata uhai swichi haiiamini hapohapo, inasikiliza sekunde 15, inajifunza sekunde 15 nyingine, ndo inafungua njia. Sekunde 30 hizo kale kataa kadogo kanakokonyeza nyuma ya kompyuta kanawaka vizuri tu, wewe unaapa kebo iko salama, kumbe hakuna kinachopita. Kompyuta nayo muda huo iko bize inapiga kelele kuomba anwani ya netiweki kwa DHCP, yule mgawaji wa anwani, hajibiwi, anaomba tena, hajibiwi, na kila akiomba anarefusha mapumziko, mwisho anakata tamaa anajipa mwenyewe anwani inayoanza na 169.254 na atarudi kuuliza baada ya dakika kama 5. Ukiiona 169.254 kwenye ipconfig, ile amri ya kuonyesha anwani ya kompyuta, ujue huyo mtu yuko ofisini lakini netiweki hayumo.

Na Windows upande wa pili, ikijua wewe una romingi profaili inakubali kusubiri netiweki kwanza, lakini haisubiri mpaka Yesu arudi, kiwango chake cha kawaida ni sekunde 30. Weka 30 kwa 30 uone. Hawa wawili wanakimbizana kila asubuhi na mshindi anapishana na mwenzake kwa pumzi tu. Ukiandika paswedi taratibu umepona. Ukiwa mchapakazi umeumia. Ukienda kunywa chai kabisa, hata hujui kama kulikuwa na mbio.

Sasa mtaniuliza mbona zamani haikuwepo. Zamani zile kompyuta zilikuwa na disko za kuzunguka, kuwaka tu ilikuwa dakika moja na nusu mpaka mbili, mpaka ukioneshwa sehemu ya paswedi swichi ilishamaliza mambo yake kitambo. Ofisi ikapata hela ikabadilisha nusu ya kompyuta ikaweka SSD, yaani disko zisizozunguka, zikaanza kuwaka kwa sekunde kumi na kitu, kila mtu akafurahi, na mwezi huohuo profaili zikaanza kupotea. Hakuna aliyeunganisha hayo mawili. Hata mimi, na mi ndo niliyeitwa kuzifunga zile SSD kwa mkono wangu kabla sijakabidhiwa ofisi.

Na umeme? Umeme ulikuwa unaongeza chumvi tu. Mnaijua mvua ya ziwani ya usiku, radi inapiga huko Ukerewe sisi huku taa zinacheza, ukikatika na UPS ya kabati la swichi ikiisha chaji, asubuhi swichi zenyewe zinaamka pamoja na kompyuta, seva nayo inaamka, wote wamelala usingizi mmoja, wa haraka ni mfanyakazi tu. Ndo zile Jumatatu za watu watano.

Dawa yake ilichukua dakika kumi, wiki mbili za daftari na dakika kumi za kazi. Kwenye poti zinazoenda kwenye kompyuta za watu unaiambia swichi hapa ni mwisho wa njia, usisubiri, fungua. Kwenye swichi za Cisco inaitwa PortFast, swichi nyingine zinaita poti ya pembeni, jina lolote. Ila poti za swichi kwa swichi USIGUSE, nasema kwa herufi kubwa, na hizo ulizofungua weka na ulinzi wa BPDU, zile salamu ambazo swichi hutumiana, siku mtu akichomeka kiswichi chake alichonunua mtaani poti ijifunge. Halafu kwenye grupu polisi, sio wale wa kituo cha kati, grupu polisi za domeini, yaani sera ambazo seva inazipa kompyuta zote inazozisimamia, nikaongeza ule muda wa kusubiri netiweki kutoka 30 mpaka 60.

Na nikakuta kitu kingine humohumo. Fundi aliyenitangulia alikuwa amewasha sera ya kufuta nakala ya profaili iliyobaki kwenye kompyuta kila mtu akitoka. Simlaumu, zile disko zilikuwa ndogo. Lakini rudini kwa machinga wetu, maana yake chini ya meza hapaachwi kitu, kwa hiyo stoo ikifungwa sekunde moja tu unaruka moja kwa moja kwenye meza ya kuazima. Nikaizima. Kuanzia hapo hata netiweki ikichelewa mtu anaingia na nakala yake ya jana, anapewa taarifa kwamba ya leo haitarudi seva, anakereka kidogo lakini hapigi mayowe. Kwenye logu za Windows, yaani daftari lake lenyewe la matukio, upande wa Application, utazitofautisha kwa namba, 1521 ni kwamba nakala ya seva haijapatikana, 1511 ni kwamba hata ya hapa haipo kwa hiyo umeazimwa ya muda. Mkienda kwa mteja msianze kukisia, fungueni logu, someni namba. Na ile 1530 inayolalamika kwamba kuna programu bado imeshika rejistri, ile hifadhi ya mipangilio ya Windows, wakati mtu anatoka, mara nyingi ni kelele tu, msiikimbize.

Nikapokea pongezi. Nikanunuliwa sato wa kukaanga. Wiki iliyofuata simu ikaita.

Hii ya pili ilinitia aibu kuliko ya kwanza. Daftari likaonyesha mistari michache, lakini safari hii ni saa nne asubuhi, ghorofa zote mbili, watu wanaotoka na kuingia tena baada ya chai. Nikaenda saa nne kasoro nikakaa. Nikapiga ipconfig /all kwenye kompyuta iliyougua nikaangalia mistari ya DNS. Ya kwanza seva ya ofisi, sawa. Ya pili 8.8.8.8.

Najua humu ndani kuna watu kumi wameweka hivyo kwa wateja wao na sasa hivi wameangalia chini. Mi nimeweka hivyo miaka mingi, tulidhani ni kama tairi la spea, la kwanza likipata pancha unafunga la pili. Sio spea. Kompyuta haiijui seva kwa sura, inaijua kwa jina, na DNS ndo mjumbe wa nyumba kumi anayekuonyesha nyumba. 8.8.8.8 ya Google ni mjumbe mzuri sana lakini wa mtaa mwingine, ukimuuliza nyumba ya seva yako iliyoko Nyamagana ndani ya kabati atakujibu kwa uhakika hakuna mtu wa jina hilo, na wala hajakosea, hamjui. Saa nne pale bakapu ya seva ilikuwa inaanza, seva inaelemewa, inachelewa kujibu, Windows inaona mjumbe wa kwanza kanyamaza inamfuata wa pili, na ikishamzoea wa pili inaweza kung'ang'ania kwake kwa muda hata kama wa kwanza keshaamka. Mtu akiingia dakika hizo, seva haionekani, profaili haipo. Baada ya muda inapona yenyewe na bado intaneti muda wote ilikuwa inafanya kazi vizuri, hiyo ndo inayopoteza watu, YouTube inacheza halafu mtu anakwambia netiweki mbovu unamuona mwongo.

Kwenye ofisi yenye domeini kompyuta zipewe DNS ya ndani tu. Mambo ya nje seva yenyewe ndo ikaulize kwa niaba yao. Bakapu nikaipeleka saa sita usiku. Ukitaka kujua kompyuta inaiona domeini au inajifanya, andika nltest /dsgetdc: halafu jina la domeini yako, ikikuletea jina la seva iko sawa, ikikutolea kosa basi usihangaike na profaili, profaili haina kosa.

Hapo kidogo nitoe mfano wa mama wa uhasibu kwa sababu yeye hakuwa na shida ya netiweki kabisa ila alikuwa anaandika kwenye daftari kila siku, tena kwa mwandiko mzuri. Nikamfuata. Mama shikamoo. Marahaba mwanangu, umekuja na ile kompyuta yako ya kuandika kwa kalamu? Akanieleza, leo printa yake ni hii, kesho imekuwa nyingine, picha ya watoto aliyoweka kwenye skrini inatoka inarudi ya zamani. Nikamuuliza mama unatumia kompyuta ngapi? Mbili, ya ofisini kwangu na ya kule dirishani kwa malipo. Na jioni unatoka kote? Akaniangalia kama nimeuliza kitu cha ajabu. "Ofisini kwangu natoka. Kule dirishani nafunga tu skrini, si kesho narudi palepale?"

Mnaona. Mipangilio yote ya mtu, printa, picha ya skrini, vitu vidogo vidogo, inakaa kwenye faili moja linaitwa NTUSER.DAT, na hilo faili haligawanywi vipande, linaenda lote linarudi lote. Machinga mmoja kafungua meza mbili kwa mzigo uleule, anayerudi stoo wa mwisho ndo anayefunika mwenzake. Dirishani walikuwa wanazima ile kompyuta mara moja kwa wiki, basi siku hiyo profaili ya wiki iliyopita inapanda juu ya ya leo. Hapo hakuna dawa ya kiufundi ya maana, dawa ni kumuelewesha mama, na mama akielewa ofisi nzima inaelewa maana aliwasimamia kweli kweli.

Jioni nayo ina balaa lake. Saa tisa na nusu watu wanakimbilia daladala za Buhongwa na Igoma, mtu anabonyeza zima, kompyuta inaanza kurudisha vitu seva, anaona inazunguka tu anachomoa ekstensheni ukutani. Kazi imeenda nusu. Na vitu vyenyewe unakuta kijana ameweka kwenye desktopu video za harusi ya dada yake, GB 3. Piga hesabu, kwenye netiweki ya megabiti 100 GB 3 ni dakika 4 hata kama yuko peke yake kwenye njia, na hayuko peke yake. Utaniambia ofisi yetu ni ya megabiti 1000. Sawa, lakini panya wa dari akitafuna jozi moja tu ya waya, mara nyingine kebo haifi, inashuka kimyakimya mpaka 100, kwa sababu 1000 inataka jozi zote nne na 100 inatosheka na mbili. Nimezikuta tatu pale. Desktopu na Nyaraka zinatakiwa zielekezwe zikae seva moja kwa moja, zisiwe zinabebwa kwenda na kurudi, hapo profaili inabaki nyepesi, na hata majina ya faili marefu yale ya "barua ya mwisho kabisa iliyosahihishwa na mkurugenzi" ndani ya folda ndani ya folda yanaacha kuleta kosa 1509, maana njia ikizidi herufi 260 kukopi kunagoma. Ubaya ni kwamba seva ikilala hakuna anayeona faili lake, kwa hiyo seva yenyewe uiheshimu.

Mengine nayapitia haraka maana jamaa wa sauti ananionyesha saa. Betri ya kwenye mazabodi, CR2032, ikifa na umeme ukikatika kompyuta inaamka inadhani ni miaka kumi iliyopita, na Kerberos, mfumo wa domeini wa kuthibitisha anayeingia, kwa kawaida haivumilii saa ikipishana zaidi ya dakika 5, seva inakukataa mlangoni. Tembeeni na betri mfukoni. Sehemu seva inapohifadhi profaili, ule uhifadhi wa nje ya mtandao, yaani kompyuta kujiwekea nakala za faili za seva, uzimwe, ukiuacha umewashwa unakuwa na wabebaji wawili wanagombania mzigo mmoja. Ukikuta seva ina folda mbili za mtu mmoja, moja inaishia V2 na nyingine V6, hazijaharibika, Windows 7 inatumia V2 na Windows 10 kuanzia toleo la 1607 inatumia V6, haziongei, na ofisi nyingi bado zimechanganya ingawa hata hiyo 10 Microsoft waliacha kuihudumia 14 Oktoba 2025. Na kwenye rejistri, pale ProfileList, ukikuta namba ya SID ya mtu, yaani namba ya utambulisho wa akaunti yake, iko mara mbili na moja ina .bak mwishoni, hiyo ndo inamrudisha kwenye profaili ya muda kila siku hata netiweki ikiwa nzuri, inatibika kwa kurekebisha majina yale mawili, lakini toa nakala ya rejistri kwanza. Kwanza. Nimesema kwanza.

Na niungame moja ndo nikae. Kuna siku nilitaka kuangalia folda ya profaili ya mkurugenzi kule seva, ikakataa, administreta anakataliwa kwenye seva yake mwenyewe, nikapandwa na hasira nikachukua umiliki wa ile folda kwa akaunti yangu. Ikafunguka, nikaona nilichotaka, nikaenda kulala. Asubuhi mkurugenzi kaingia na desktopu nyeupe, kwa sababu Windows inaangalia nani anamiliki folda kabla haijaiamini, inataka awe mwenyewe au kundi la Administrators, sio fundi mmoja mwenye hasira. Kuna sera ya kuliongeza kundi la Administrators tangu folda inatengenezwa, iwekeni mapema, haifanyi kazi kwa folda zilizokwishakuwepo.

Swali? Ndiyo kaka wa Nansio. Kama wanatumia Wi-Fi. Kaka, kompyuta ya mezani yenye romingi profaili mpe waya, ukishindwa hakikisha Wi-Fi inaunganishwa na kompyuta yenyewe kabla mtu hajaingia, isisubiri mtu aingie ndo iunganishwe, maana hapo umeweka funguo ya stoo ndani ya stoo.

Mwingine? Imeisha yote pale? Haijaisha, kaka. Ile ya manunuzi imepona, mama wa uhasibu picha ya watoto imetulia, dada wa chai ile barua ya onyo bosi alicheka akaichana, na chai anaendelea kunywa. Ila kuna kompyuta moja ghorofa ya juu, karibu na dirisha linaloangalia ziwa, bado inapotea. Mara moja kwa mwezi hivi. Nina mistari sita humu ndani. Kebo nimebadilisha, poti nimehamisha, betri nimeweka mpya. Mitano kati ya hiyo sita ni Alhamisi, na mi Alhamisi hii nitakuwa nimekaa pale kuanzia saa moja na nusu, sigusi kitu.